Vichimbakazi wa kutengeneza kwa mkono: waya, kibanio, sufu au uzi?

Ukishaamua kutengeneza kichimbakazi, mwanasesere mdogo wa kukaa kiganjani, mwenye sketi ya petali na mabawa mgongoni, swali linalofuata ndilo linalowakwamisha wengi: mwili wake uwe wa nini? Picha hazisaidii sana. Kwenye picha wanasesere wote ni wadogo, wote wanapendeza, na kila aliyetengeneza wake anasema kazi ni nyepesi. Lakini mwili ndio unaoamua karibu kila kitu kingine: kama ataweza kukaa au atasimama tu, kama uso utachorwa au utaachwa bila alama, kama atavumilia mikono ya mtoto au mahali pake ni rafuni, na kama wewe mwenyewe utaifurahia kazi hadi mwisho.

Nalinganisha hapa njia nne ambazo hazidai cherehani wala karakana. Ya kwanza ni waya wa manyoya, ule mwembamba uliosokotwa pamoja na nyuzi laini, ambao asili yake ni kusafishia viko vya tumbaku na sasa umo katika kila kapu la vifaa vya sanaa vya watoto. Kichwa huwa ushanga wa mbao, na nguo ni petali za maua ya bandia. Ya pili ni kibanio cha nguo cha mbao. Ya tatu ni sufu ghafi inayochomwachomwa kwa sindano maalumu mpaka ishikamane. Ya nne ni uzi wa kufumia unaozungushwa kwenye kadibodi, ukafungwa, ukakatwa.

Vigezo vyangu ni vitano: vifaa vinavyohitajika, jinsi kazi inavyokwenda mikononi, uso na nywele, nguo na mabawa, na mwisho uimara pamoja na usalama. Urembo sikuuweka kuwa kigezo, kwa sababu njia zote nne hutoa wanasesere wazuri zikifanywa kwa utulivu.

Vifaa

Waya wa manyoya wa kawaida una urefu wa sentimita 30 hivi. Mmoja unatosha kiwiliwili na miguu ya mwanasesere wa sentimita 10 au zaidi kidogo, na kipande kingine cha sentimita 12 kinakuwa mikono. Unahitaji ushanga wa mbao wa milimita 15 hadi 20 wa kichwa, uzi wa kudarizi wa kumvisha mwilini, gundi, mkasi, koleo ndogo, na ua moja la bandia. Chagua ua lenye petali nyingi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kwa maana ua la namna hiyo linaweza kuwavisha wanasesere wawili au watatu.

Kwenye kibanio, angalia aina kabla ya kitu kingine. Kinachofaa ni kile cha zamani cha kipande kimoja, chenye kichwa cha mviringo na miguu miwili iliyopasuliwa kutoka mti uleule. Kile chenye springi, ambacho David M. Smith wa Vermont, Marekani, alikipatia hataza mwaka 1853, hakina kichwa, na ukikitegua unabaki na vipande viwili bapa. Zaidi ya kibanio unahitaji rangi ya akriliki, brashi nyembamba, mabaki ya vitambaa, gundi, na kipande cha waya wa manyoya cha mikono, kwa sababu kibanio hakina mikono.

Sufu ndiyo njia yenye vifaa visivyozoeleka. Lazima iwe sufu halisi ya kondoo iliyochanwa na haijasokotwa. Unywele wa kondoo una magamba madogo sana, na magamba hayo huusaidia kushikana sindano inapousukuma ndani. Uzi wa plastiki hauna magamba, hivyo hushikana kwa taabu zaidi. Sindano zenyewe zina vijino ubavuni na huuzwa kwa namba: 36 ni nene na hukusanya sufu haraka, 38 ni ya katikati, 40 ni nyembamba ya kumalizia. Chini uweke sponji nene, ya sentimita 5 au zaidi, ili sindano isifike mezani wala pajani.

Uzi unataka uzi, kadibodi na mkasi. Basi.

Kazi inavyokwenda mikononi

Hapa ndipo watu hutofautiana sana, na ndipo ningependa msomaji apachukulie kwa uzito kuliko penginepo. Kuna mtu anayependa kuona umbo limetokea ndani ya dakika chache, halafu atumie saa nzima kulipamba. Kuna mwingine anayependa kazi ya kujirudiarudia inayotuliza kichwa. Njia hizi nne hazimpi kila mtu kitu kilekile.

Na waya, umbo hutokea upesi. Unaukunja katikati, kile kikunjo unakibana kwa koleo mpaka kiwe chembamba, unakitia gundi kidogo na kukisukuma ndani ya tundu la ushanga. Tayari una kichwa, shingo na miguu miwili. Kipande cha mikono unakizungusha mara moja chini ya ushanga, kisha unasokota miguu pamoja kwa sentimita mbili au tatu kutoka shingoni ili pawe kiwiliwili. Ncha zote nne, za mikono na za miguu, zikunje kwa ndani kama sentimita moja. Kikunjo hicho kinakuwa kiganja na wayo, na pia kinaficha ncha ya waya, ambayo inachoma kweli.

Baada ya hapo kazi inapungua mwendo. Uzi wa kudarizi huuzwa ukiwa na nyuzi sita zilizoandamana. Zitumie zote sita pamoja kumvisha miguu na mikono, maana ukizitenganisha utazunguka bila kufika. Anzia kwenye wayo na tone dogo la gundi, zungusha ukipanda, kila mzunguko ukiulalia ule uliotangulia bila kupishana. Uzi ukilegea manyoya ya waya yanachungulia, ukikaza kupita kiasi mguu unajipinda. Kwa wengi hapa ndipo subira inapojulikana, nami naona ndipo mwanasesere anapopata hadhi yake. Mguu uliofungwa vizuri unaonekana kama soksi iliyofumwa kwa ukubwa wake.

Kibanio hakihitaji kujengwa, mwili umeshachongwa. Kazi ni kupiga msasa mwepesi, kupaka rangi, kusubiri ikauke, kupaka tena. Rangi ya akriliki hukauka haraka ikiwa tabaka ni jembamba, kwa hiyo tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nzito. Ugumu uko kwenye mikono. Waya wa mikono hauna pa kujishika kwenye mti laini, hivyo uzungushe shingoni pale pembamba, uufunge nyuma, utie gundi, kisha uvishe nguo juu yake ili ishikilie. Anayependa brashi kuliko nyuzi atajisikia nyumbani hapa.

Sufu ni kuchoma, kuchoma, na kuchoma. Unachukua fungu la sufu, unaliviringisha kwa nguvu, unalilaza kwenye sponji na kulichoma kila upande huku ukiligeuza. Usipogeuza, litaganda kwenye sponji na kuwa bapa. Polepole linakuwa gumu, na ukilibonyeza kwa kidole halibonyei. Hicho ni kichwa. Unaendelea na kiwiliwili, na ukitaka mikono na miguu inayokunjika unaizungushia sufu kwenye waya wa manyoya. Sheria moja haina mjadala: sindano iingie na kutoka kwa mstari uleule. Chuma chake ni kikavu, ukiipinda ikiwa ndani inakatika, na kipande kinabaki ndani ya mwanasesere. Macho yako yasiondoke kwenye ncha hata kidogo. Ukitaka kumjibu mtu, weka sindano chini kwanza.

Na uzi: zungusha kwenye kadibodi yenye urefu unaoutaka mwanasesere, mara 40 au zaidi kulingana na unene wa uzi, funga juu, toa kadibodi, kata chini, funga shingo, pitisha kifungu kidogo katikati kiwe mikono, funga kiuno. Ukiacha hapo una sketi ya tamvua. Ukiigawa sehemu mbili una miguu. Hakuna gundi, hakuna kusubiri.

Uso na nywele

Watu huogopa uso kuliko kitu kingine. Nafuu ni kwamba mwanasesere mdogo hahitaji uso mwingi. Vidoto viwili vya macho na mashavu yaliyoguswa kwa wekundu mwepesi vinatosha. Pua iache. Macho yakikaa katikati ya kichwa au chini kidogo ya katikati, uso unakuwa wa kitoto, yakipanda juu anaonekana mtu mzima.

Kwenye ushanga na kibanio unachora, na adui ni mbao yenyewe. Kalamu ya wino kwenye mbao kavu husambaa kwa kufuata nyuzi za mti, na jicho linaota mkia. Paka kwanza tabaka jembamba la vanishi ya maji au gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, iache ikauke, ndipo uchore. Kwa macho, ncha ya kijiti cha meno iliyochovywa kwenye rangi hutoa vidoto vilivyolingana kuliko brashi. Mashavu yapake kwa vumbi la penseli ya rangi lililokwanguliwa, kwa ncha ya kidole. Ushanga una tundu juu, nalo linafichwa na nywele.

Sufu inakubali nukta ndogo za sufu ya rangi nyingine zilizochomwa mahali pake, na uzuri wake ni kwamba jicho lililokaa vibaya linang'oleka na kurudiwa. Katika malezi ya shule za Waldorf, zilizoanzia Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, wanasesere hupewa uso wenye alama chache au usio na alama, ili mtoto mwenyewe ajaze kicheko au huzuni. Vichimbakazi wa sufu wanavaa mtindo huo vizuri kuliko wote. Wa uzi pia huachwa bila uso, ila yeye hana namna nyingine: kichwa chake ni nyuzi zilizolala sambamba, na kalamu haikai juu yake.

Nywele ni rahisi kote. Kwenye ushanga, gundisha uzi au sufu kuanzia kisogoni ukizunguka kuelekea utosini, kisha acha mikia miwili ishuke usuke. Kwenye sufu unazichoma tu. Na kile kikombe cha kijani kilichokuwa chini ya ua la bandia, usikitupe. Kigeuze juu chini, ni kofia iliyokwishaumbwa, na mara nyingi inaenea ushanga wa milimita 15 kama ilipimwa kwa ajili yake.

Nguo na mabawa

Kwa nguo za petali, waya una faida ambayo njia nyingine hazina. Ukivuta ua la bandia kutoka kwenye shina lake, tabaka za petali hutoka nzima, kila moja ikiwa duara lenye tundu katikati. Unazipandisha kutoka miguuni hadi kiunoni moja baada ya nyingine, kubwa ndani na ndogo juu, na tone la gundi mwisho. Hukukata, hukushona. Kama lazima ukate petali, ujue kingo za kitambaa chake huchanika nyuzi. Gundi nyeupe kidogo iliyopakwa ukingoni huzuia. Gundi ya moto, ile inayoyeyushwa kwa bunduki ya gundi, itumike kwa uangalifu: bunduki za joto la juu hufikia nyuzi joto 190 hivi za Selsiasi na zinaweza kukunja petali nyembamba, hivyo ile ya joto la chini ndiyo rafiki wa kazi hii, kwa petali na kwa vidole.

Kibanio hakipitishi petali kirahisi kwa sababu miguu yake ni minene. Kata petali upande mmoja, zungushia, gundisha nyuma. Au fanya anavyostahili: mvishe kitambaa cha pamba, kamba ya kiunoni, shela ya mabegani. Mwanasesere huyu ana umbo la mtu aliyesimama wima na nguo ndefu zinamkaa vizuri.

Sufu na uzi havihitaji nguo. Nguo zao ni rangi. Fungu jembamba la sufu ya waridi lililoachwa bila kuchomwa chini linapepea kama ukungu, na hakuna petali inayoweza kuiga hilo.

Mabawa yanaweza kuwa petali mbili, kitambaa cha shela kilichofungwa katikati, au waya uliopindwa na kufungwa uzi. Kwa waya na kibanio, gundisha kwenye nguo na siyo kwenye mbao au manyoya, hapo yanashika zaidi. Kwa sufu, choma. Kwa uzi, funga pamoja na kiuno.

Uimara na usalama

Nianze na linalozihusu zote nne. Hakuna hata mmoja wa vichimbakazi hawa anayemfaa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Vipimo vya usalama wa vinyago kwa umri huo hutumia silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, na sehemu yoyote inayozama humo yote huhesabiwa kuwa ya kukaba koo. Ushanga wa kichwa unazama. Kofia inazama. Mabawa yakibanduka yanazama. Uzi mrefu una hatari yake nyingine, ya kuzunguka shingo au kidole.

Kwa watoto wakubwa, kibanio ndicho kinachovumilia zaidi. Kikianguka kinaokotwa, kikichafuka kinafutwa, na ukipaka vanishi juu ya rangi uso haufutiki. Uzi unafuata: hauna ncha, hauvunjiki, unaoshwa kwa mkono. Waya unakunjika vizuri, mwanasesere wake anaweza kupanda tawi, kukaa juu ya kikombe, kukumbatia mwenzake, lakini waya uleule ukikunjwa mahali pamoja tena na tena hukatika, na uzi wa kudarizi ukishafunguka wayoni huendelea kufunguka. Sufu ni laini kushika na haimuumizi mtu, ila hujitoa nyuzinyuzi, na maji ya moto yakisuguliwa huifanya isinyae. Yeye ni wa kushikwa kwa staha.

Nani achague nini

Kama unafanya na watoto wa miaka mitano hadi saba, uzi. Wanaweza kuzungusha wenyewe, na wewe kazi yako ni mafundo na mkasi. Kuanzia miaka minane hivi, waya na ushanga unawafurahisha zaidi, mradi mtu mzima akate waya na akague ncha, na gundi iwe nyeupe badala ya ya moto. Sufu iwangoje wanaoweza kutulia kwa nusu saa wakitazama ncha ya sindano.

Kama ni kundi kubwa na muda ni mfupi, kibanio kinakuokoa ukipaka rangi ya mwili siku moja kabla, ili siku yenyewe wachore nyuso na kuvisha tu. Waya katika kundi kubwa huchosha, kwa sababu kila mtu atataka msaada wakati mmoja, anapofika kwenye kufunga miguu.

Kama unataka mwanasesere atakayechezewa kila siku, kibanio, au uzi kama mtoto anapenda kulala naye pembeni. Kama unataka kumpanga kwenye bustani ya chunguni, kumketisha dirishani na kumbadilisha mkao kila wiki, waya hauna mpinzani. Kwa bustani ya nje, hata hivyo, mvua itauharibu waya na uzi wake. Kibanio chenye vanishi hukaa muda mrefu zaidi.

Kwa zawadi ya mtu mzima anayependa vitu vya mkono, au pambo la kuning'iniza juu ya kitanda mahali mtoto hafikii, sufu. Hata hewa kidogo humzungusha, na hapo ndipo anapoonekana ana mabawa kweli. Andaa jioni zaidi ya moja.

Mikono inayouma ni jambo la kufikiria pia. Kubana waya kwa koleo na kuchoma sufu mara mamia huchosha viungo vya vidole. Kupaka rangi na kuzungusha uzi ni vyepesi kwao, na kibanio kinaweza kushikwa kwa kukipachika kwenye kingo ya kopo wakati rangi inakauka.

Na kama bado umesimama katikati, angalia ulicho nacho ndani tayari. Mwenye uzi uliobaki kwenye kufuma aanze na uzi leo. Mwenye maua ya bandia yaliyofifia kwenye chombo ayang'oe, atafute waya na ushanga mmoja. Sufu na sindano zake ndizo pekee ninazoshauri usinunue kabla hujashika kipande cha mwenzako na kuchoma kidogo, ujue kama mwendo ule unakutuliza au unakukera.